Karatasi Zilizokatwa Majina

Lori la samaki lilikuwa limeshapita kizuizi cha pili, mvua ya mwezi wa pili ikiendelea kupiga turubai, Delphine alipoanza kuona nyumba zikibanana kando ya barabara. Anayeingia Lubumbashi kutoka upande wa Kasenga hauoni mji ukija. Anaona kwanza matope yakizidi wekundu, halafu kuta za matofali zilizopandwa vipande vya chupa juu, halafu mabango ya wachungaji wanaotabasamu, na mara yumo ndani, wala hakuna aliyemwambia karibu. Ipo miji inayojitangaza kwa mgeni tangu mbali. Huu humwacha aingie tu, kisha humtazama viatu.

Delphine alikaa karibu na dereva, farde ya plastiki kwapani. Ndani ya farde mlikuwa na barua moja aliyoandikiwa na kurasa nne alizoandika yeye. Alikuwa na miaka arobaini na minne. Alizaliwa hapa hapa, mjukuu wa fundi wa reli aliyeletwa kutoka kaskazini ya Katanga, lakini mwaka wa kumi na tisa sasa alikuwa akifundisha Kasomeno, mji wa biashara ambako malori ya samaki husimama kupumua kabla ya kushika njia ya Lubumbashi. Darasa lake ni la tatu. Mwaka huu alipewa watoto hamsini na wanane na viti ishirini.

Barua ile ilikuwa na mihuri miwili, mmoja umeukanyaga mwingine. Ilisema kwa Kifaransa kwamba darasa lake limepata asilimia thelathini na moja, nafasi ya arobaini na sita kati ya madarasa arobaini na sita, na kwamba anatakiwa kujieleza kwa maandishi ndani ya saa arobaini na nane. Wenyewe wanaiita demande d'explication. Hakuna mwalimu wa nchi hii asiyeijua: ni karatasi ambayo aliye juu humwandikia aliye chini ili kosa lipate mwenyewe. Ilikuwa imeandikwa katikati ya mwezi wa kumi na mbili. Ilifika Kasomeno mwezi wa kwanza ukiisha, mfukoni mwa mfanyabiashara mmoja, ikinuka tumbaku. Delphine alikuwa amechelewa kujibu kabla hajafungua bahasha.

"Andika tu pardon, madame," direktere wake alimshauri. "Bataiweka mu dossier, itaisha."

Lakini Delphine hakupanda lori la samaki kwa ajili ya pardon. Alikuja kuchukua karatasi za watoto wake.

Karatasi zenyewe zilianza mwezi wa kumi. Vijana wanne walifika Kasomeno na gari jeupe, wakapanga meza nje chini ya paa la shule, wakaita watoto mmoja mmoja. Kila mtoto alisoma herufi, kisha maneno, kisha hadithi fupi, kijana akimshikia saa ya kupima sekunde na kukata kwa kalamu kila alichokosea. Mwisho mtoto aliandika mwenyewe sentensi moja aliyosomewa: Mama anauza samaki sokoni. Siku hiyo hata watoro walikuja, kwa sababu ya gari. Delphine alikatazwa kusogea karibu, eti asiwatie watoto hofu. Lakini kijana mkubwa wao alimweleza vizuri, na maneno yake yalimwingia.

"Hii haiko examen, madame. Hapa hakuna wa kwanza, hakuna wa mwisho. Ni kama vile docteur anapima homa. Kila karatasi itakuonyesha mutoto amekwama wapi. Mu wiki mbili zitarudi kwako. Unafanya makundi matatu: wa herufi, wa maneno, wa hadithi. Saa moja kila asubuhi. Mu mwezi wa ine tunarudi tena, tunaona wametembea mpaka wapi."

Katika miaka kumi na tisa hakuna mtu wa serikali aliyewahi kumwambia jambo lenye akili namna ile. Delphine aligawa darasa kwa chaki sakafuni, pembe tatu, tayari. Akangoja wiki mbili. Akangoja mwezi. Mvua ilianza, chaki ikafutwa na miguu, akachora tena.

Kilichorudi mwezi wa kumi na mbili hakikuwa karatasi. Kilirudi kile ambacho ofisi za nchi hii hujua kufanya hata usingizini: proclamation. Kitu ambacho hakikuwa na wa kwanza wala wa mwisho kilikuwa kimepewa asilimia, kikapewa nafasi, kikatiwa muhuri, na siku ya Jumatatu kikasomwa mbele ya bendera, wazazi wakiwa wameitwa. Darasa la tatu, Kasomeno, thelathini na moja kwa mia, wa arobaini na sita. Watoto wakapiga makofi. Walizoea kupiga makofi kila jina la shule yao likitajwa.

Basi huyo ndiye Delphine aliyeshuka kwenye lori asubuhi ile katikati ya Lubumbashi, mtaa wa mabenki na maduka, akauliza mara tatu, na kufika mbele ya nyumba ya zamani yenye baraza pana na kibao kipya: Kitengo cha Upimaji wa Maendeleo ya Wanafunzi. Mlinzi wa geti alivuta hewa puani.

"Mama, ba samaki beko wapi? Hapa tunanunua, lakini ku mulango wa nyuma tu."

"Haiko samaki. Mi niko mwalimu."

"Mwalimu wa samaki!" Mlinzi akacheka hadi akashika geti. "Ingia, mama, ingia. Uliza papa Nasoro."

Ndani mlikuwa na meza sita na mtu mmoja. Mzee Nasoro alikuwa na kofia nyeupe na miwani iliyofungwa kwa uzi, na mbele yake mashine ya kukatia karatasi, ile ya kisu kirefu chenye mkono. Watu wake ni wa Maniema. Babu yake alikuja Lubumbashi na msumeno na randa, akawatengenezea Wabelgiji makabati ambayo mengine bado yamo katika ofisi hizi. Mjukuu alirithi mkono uliotulia na imani kwamba kazi ni ule mstari ulionyooka.

"Kaa, binti yangu. Chef haiko. Alienda ku Kasapa, mu séminaire."

"Séminaire ya nini, papa?"

Nasoro akachukua barua ya mwaliko mezani, akaisoma kwa kuivuta mbali na macho. "Namna ya kutumia matokeo ya upimaji mu darasa."

Delphine akamtazama kuona kama anatania. Hakuwa anatania.

"Na matokeo yenyewe iko wapi?"

"Mu armoire." Akaonyesha kwa kidevu kabati la chuma lenye kufuli.

"Ufunguo?"

"Iko naye."

"Ku séminaire?"

"Ye hata mu choo anaingia nao, mama."

Siku hiyo ilikuwa ya tatu ya semina. Delphine alikaa kwenye benchi akangoja, na kwa kuwa hakuwa na la kufanya, alisoma ukuta. Ukutani palikuwa na mchoro mkubwa wa rangi, shule zote za barabara ya Kasenga, kila shule na nguzo mbili: nguzo nyekundu ya mwezi wa kumi na nguzo ya kijani ya mwezi wa nne. Nguzo za kijani zote zilikuwa ndefu kuliko nyekundu. Ya Kasomeno ilikuwa imepanda kutoka thelathini na moja hadi hamsini na mbili. Alihesabu miezi kwa vidole, polepole, kama anayempa mwizi nafasi ya kujitetea. Mwezi wa nne ulikuwa bado majuma saba.

Walimu wake wa zamani walimfundisha kwamba dharau ni dhambi ndogo. Alikaa nayo pale benchini kwa saa nne na haikumpungukia. Aliidharau rangi ya kijani. Aliidharau kompyuta iliyofunikwa kitambaa cha kushonwa kwa mkono, kama jeneza la mtoto. Alizidharau kalenda tano za wafadhili, kila moja na mtoto anayecheka akishika kitabu wima, kwa jinsi ambavyo hakuna mtoto duniani anayeshika kitabu akisoma. Na katika farde zile kurasa nne za maelezo zilimwasha, kwa sababu alizijaza vizuri. Kila sentensi aliinoa Jumapili mbili mfululizo, na hakukuwa na moja iliyosema pardon.

Saa nane mchana Chef Gauthier aliingia, kitambulisho cha semina kikining'inia kifuani na mkoba mpya wa semina begani. Alikuwa mtu wa miaka hamsini aliyepigwa pasi mwili mzima. Alisalimia ukuta kwanza, halafu Nasoro, halafu benchi.

"Na huyu mama?"

"Ni madame wa Kasomeno, Chef," Nasoro akasema. "Alipokea demande d'explication."

"Ah! Wa arobaini na sita." Alisema kwa furaha ya mtu anayekutana na namba anayoifahamu. "Madame, ulichelewa. Délai ilikuwa quarante-huit heures, saa arobaini na nane tu."

"Barua ilitembea wiki tano, Chef."

"Hiyo haiko kosa ya ofisi."

"Haiko kosa ya ofisi," Delphine akakubali. "Barua iliamua yenyewe. Chef, mi nilikuya kuchukua karatasi za batoto. Hamsini na munane. Mulituambia wiki mbili."

Gauthier akavuta kiti, akakaa, akaunganisha vidole. "Madame, tusikilizane. Matokeo ulipewa. Yalitangazwa."

"Nilipewa thelathini na moja kwa mia. Nifanye nayo nini? Niite 'thelathini na moja kwa mia, kuya hapa ku ubao'?"

Kutoka upande wa mashine ya karatasi ilisikika sauti ya mzee akikohoa kicheko.

"Mi nataka kujua Kabwe amekwama wapi," Delphine akaendelea. "Nataka kujua nani hajui herufi, nani anajua herufi lakini neno linamushinda. Mwezi wa ine munarudi kupima tena. Munapima nini kama katikati sikufundisha kile mulichokiona?"

"Exactement! Ni vile tulisema ku séminaire," Gauthier akasema, na kwa kweli uso wake uliangaza. "L'enseignant, mwalimu mwenyewe, lazima atumie matokeo. Nilifanya présentation mimi mwenyewe. Slide ishirini na mbili."

"Basi unipe niyatumie."

"Kuna circuit, madame. Unaandika demande, direktere anatia visa, sahihi yake, inapita kwa inspecteur…"

"Na ile ya kijani, ilipita circuit gani?" Akaonyesha ukuta. "Mwezi wa ine haujafika, Chef. Batoto bangu balishapanda mpaka hamsini na mbili. Balipandia wapi? Mi sikubaona."

Gauthier hakuona haya. Hilo ndilo lililomshangaza Delphine kuliko yote, na njiani kurudi angelifikiria bado: mtu yule hakuwa mwongo anayejificha. Aligeuka akautazama mchoro wake kwa upole, kama mtu anayetazama picha ya harusi.

"Hiyo ni projection, madame, makisio ya mbele. Mufadhili lazima aone kwamba tuko na vision."

Kisha akakumbuka kitu. Alifungua mkoba wa semina, akatoa orodha, akapitisha kidole. Katika orodha hiyo palikuwa na mstari uliosema walimu waliorudishiwa matokeo yao, na mbele ya mstari huo palikuwa peupe. Akamtazama Delphine upya, kama mtu anayegundua kwamba mgeni asiyemtaka ana gari.

"Papa Nasoro," akasema, akitoa ufunguo shingoni, "fungua. Mupe madame karatasi za Kasomeno. Tutapiga photo."

Picha ilipigwa hapo hapo na Nasoro kwa simu ya Chef, bahasha kubwa ya kahawia ikiwa bado imefungwa, Chef akiishika upande mmoja na Delphine upande mwingine, mchoro wa kijani nyuma yao. Delphine hakutabasamu, na Gauthier hakuomba atabasamu; umakini, alisema, unaonyesha kujitolea. Halafu akaingia chumba cha ndani kutuma picha.

Delphine alikaa barazani, akavunja bahasha juu ya magoti. Akachukua karatasi ya kwanza. Zilikuwepo herufi, zile zilizokatwa na zile zilizoachwa, na alama ya mabano pale dakika ilipoisha. Kila kitu kilikuwepo kama yule kijana alivyoahidi. Akatazama juu kutafuta jina.

Karatasi ilianzia chini kidogo ya mahali inapopaswa kuanzia. Akachukua ya pili. Ya tatu. Akazipanga zote, akazigonga magotini, akatazama ukingo wa juu: umenyooka kama ubao uliopigwa randa.

"Papa Nasoro. Majina iko wapi?"

Mzee akatoka akipangusa miwani. "Tulikata, binti yangu."

"Mulikata?"

"Anonymat." Alilitamka neno kwa heshima. "Ile siku karatasi zilifika, Chef akasema, Nasoro, hii ni évaluation ya mukoa, haiwezi kusahihishwa na majina, bantu batasaidiana ba ndugu yao. Kama vile mu examen d'État. Kwanza unakata jina, halafu unapeleka kwa kusahihisha. Mi nimekata majina miaka makumi tatu, madame. Ona hapa." Akapitisha kidole kwenye ukingo. "Hakuna hata moja imeenda kombo. Elfu mbili na mia, siku nne."

"Na vile vipande bya majina?"

"Tulichoma. Ndio procédure. Kama hauchomi, iko ya kazi gani?"

Delphine alitaka kusema kitu, na mdomo ulifunguka, lakini kilichotoka kilikuwa kicheko. Alicheka akiwa amejiinamia juu ya karatasi, mabega yakitikisika, mpaka mlinzi akaja kutoka getini kutazama. Walikuwa wamewatoa watoto elfu mbili darasani mmoja mmoja, na saa ya sekunde, na gari jeupe, ili kujua kila mmoja amekwama wapi. Na jambo la kwanza walilofanya walipojua lilikuwa kuhakikisha kwamba hakuna mtu yeyote, milele, atakayejua ni yupi. Wala hawakufanya kwa ubaya. Walifanya kwa unyoofu. Hakuna ofisi inayoweza kubuni ujinga wa namna hiyo kwa makusudi. Lazima iwe imefanya kazi vizuri kwa miaka thelathini.

"Usilie, madame," mlinzi akasema.

"Silii, we. Nacheka."

"Basi usicheke vile. Inatisha."

Nasoro alikuwa amesimama na miwani mkononi. Kitu kilikuwa kimeanza kumfikia, polepole, kutoka mbali. "Karatasi hizi zilikuwa ni za kukurudia wewe?" akauliza.

"Zilikuwa za kunirudia mimi, papa."

"Hawakuniambia vile." Akatazama mikono yake. "Mi ningekata chini kidogo, upande wa chini, mahali hakuna kitu."

Hapo ndipo Delphine, akiwa bado anajipangusa machozi ya kicheko, aligeuza karatasi ya juu na kuona sentensi ya imla. Mama anauza samaki sokoni. Herufi zote zilikuwa zimelalia kushoto, kama nyasi baada ya mvua.

"Huyu ni Kabwe," akasema.

"Nani?"

"Kabwe. Anaandikaka na mukono wa kushoto." Akatoa biki, akaandika jina juu, pale palipobaki. Akachukua inayofuata. Kalamu ilikuwa imetoboa karatasi mahali pawili. "Hénoc. Anakandamizaka kama anachimba." Inayofuata ilianzia katikati ya mstari, nusu ya kwanza imeachwa wazi. "Mounira. Ye anakaliaka katikati ya ba Deborah wawili, hana pa kuweka kiwiko, akazoea vile." Hao wawili nao akawapata: mmoja aliweka nukta baada ya kila neno, mwingine alilichorea neno samaki jicho.

Nasoro akakaa chini, kwenye ngazi. Mlinzi akaacha geti. Kwa saa nzima na zaidi ilikuwa kama mchezo. Delphine aliinua karatasi, akaisoma mkono, akasema jina na sababu, na wale wawili wakaanza kubahatisha naye. "Huyu ni wa kushoto tena!" "Hapana, huyu ni Albertine, anainamisha karatasi yenyewe." Yeye ndiye aliyewashikisha kalamu hawa, au aliyewanyoosha vidole walipofika kwake wameishika kama mwiko wa kusongea bukari. Kila kosa la mkono alilijua kwa sababu alishapigana nalo. Na alipokuwa akiandika majina, alizigawa karatasi sakafuni mafungu matatu, herufi, maneno, hadithi, na kila fungu lilivyokua ndivyo alivyozidi kuwadharau watu wa ofisi ile: kazi yao ya miezi minne aliifanya barazani kwao, akinuka samaki.

Hamsini na moja zilipata majina. Zilibaki saba.

Alizigeuza, akazipanga mbele yake. Mahali pa sentensi palikuwa patupu. Mmoja alikuwa amechora mstari mfupi, labda mwanzo wa M, labda kalamu iliteleza. Upande wa pili, herufi zilikuwa zimekatwa tangu mstari wa kwanza, na vijana wa gari jeupe walikuwa wametia alama ya kuacha.

"Hawa?" mlinzi akauliza.

Delphine alianza kutaja majina ambayo hayakuwa bado yametajwa. Aliyapata saba, baada ya kufikiri, akiyahesabu kwa vidole. Majina alikuwa nayo. Karatasi alikuwa nazo. Lakini lipi ni la ipi, hakujua. Wawili wa hao saba walikomea kwenye herufi tano, mmoja kwenye tisa, wengine hawakuwa na hata moja. Na alipojaribu kukumbuka Mukuka, mmoja wao, anapokwama, au mdogo wake, alichokikumbuka ni midomo yao ikifunguka pamoja na ya wengine asubuhi, darasa zima likisoma ubao kwa sauti moja, hamsini na wanane, sauti nzuri inayosikika mpaka barabarani.

"Huwa banasoma," akasema, kama anayejibu mtu. "Beko banasoma na benzao, kila siku."

"Kwa pamoja?" Nasoro akauliza.

"Kwa pamoja."

Mzee akachukua moja ya zile saba, akaitazama mbele na nyuma. Hakuwa na hila yoyote. Aliuliza kama fundi anavyouliza fundi mwenzake kwa nini mlango haufungi.

"Sasa, binti yangu, wewe ulikuwa unangoya nini? Shiye tuko mbali, hatubajui hata sura. Lakini we uko nao. Si ungemwita mumoja, 'kuya, nisomee hapa', ukatega sikio? Inakamata dakika ngapi?"

Delphine alitafuta ile dharau iliyomjaa tangu asubuhi, ampe mzee huyu fungu lake. Hakuipata. Vijana walitumia dakika kumi kwa mtoto mmoja. Watoto hamsini na wanane ni siku chache, mtu akiwaacha wengine wakinakili ubaoni. Tangu mwezi wa kumi alikuwa amechora pembe tatu sakafuni na kungoja aambiwe nani asimame wapi.

"Kumi," akasema.

"Eh," Nasoro akasema.

Mlinzi alirudi getini bila kuaga.

Delphine alifungua farde. Alizitoa zile kurasa nne, akasoma mistari ya mwanzo, ile aliyoipenda zaidi, iliyohusu watu wanaopima homa na kumpelekea mgonjwa bili. Bado ilikuwa nzuri. Bado ilikuwa kweli. Akazirudisha kwenye farde. Kisha akaichukua demande d'explication yenyewe, akaiweka gotini, na chini ya ile mihuri miwili, mahali palipoachwa kwa ajili ya majibu ya mhusika, akaandika kwa mwandiko mkubwa wa ubaoni: Kuna saba sikuwajua. Ninarudi kuwasikiliza. Akatia sahihi na tarehe.

"Mupe Chef," akamwambia Nasoro.

"Haungoji aisome?"

"Apana, papa. Kama nikingoya tena nitaota mizizi pa benchi yenu."

Alifunga mafungu matatu kila moja na uzi aliopewa na mzee, na yale makaratasi saba akayaweka peke yake, juu. Alikaza kikwembe kiunoni, akamshika Nasoro mkono kwa mikono miwili kama mtu anavyomshika mzee wake, akapita getini. Mvua ilikuwa imepungua kuwa manyunyu. Nasoro barazani na mlinzi getini walimwona akivuka barabara ya mabenki, farde kichwani, bila kukimbia, akiinua mkono kusimamisha pikipiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne ilisimama, akakaa upande, akaondoka kuelekea njia ya Kasenga.

Gauthier alitoka chumba cha ndani na simu mkononi. "Madame iko wapi? Alisahau kutia sahihi ya kupokea."

Nasoro akampa barua. Chef akaisoma amesimama. Akaisoma mara ya pili, akigeuza upande wa nyuma kuona kama kuna kingine.

"Saba kwa ngapi?"

"Hamsini na munane, Chef."

Akafungua kikokotoo kwenye simu. Mzee alimtazama kidole kikienda na kurudi.

"Douze pour cent, kumi na mbili kwa mia," Gauthier akasema, na uso ukaangaza kidogo. "Sasa tunaweza kufanya kitu. Lakini niiweke mu safu gani, papa Nasoro, mu yale tuliyofaulu ao mu défis, zile changamoto?"

Nasoro alikuwa ameshika mkono wa mashine, kisu juu, rundo la karatasi za shule nyingine chini yake. Hakukishusha kisu.